Laki Tatu na Plas Yake

Haya ninayoandika yatawaudhi baadhi ya rafiki zangu. Watasema mzee amestaafu, chaki imemtoka mkononi, sasa amebaki kugombana na maneno. Kustaafu ni kweli nimestaafu. Lakini ugomvi huu sikuutafuta mimi. Ulianza kama mzaha ndani ya basi, ukaishia kwenye deni la dada yangu, na ulipofika hapo haukuwa mzaha tena.

Nianze na basi. Nilikuwa natoka Muheza kwenda Tanga, na nyuma yangu walikaa vijana wawili waliovaa vizuri, wenye maneno ya shule. Mmoja alikuwa akimsimulia mwenziwe habari za mchumba. "Mzuri, plas ana heshima, plas kwao wana uwezo." Mwenziwe akamwuliza habari ya mahari. "Milioni moja plas." Plas nini? Hakusema, wala mwenziwe hakuuliza. Basi likasimama, konda akamdai mama mmoja nauli "plas mzigo". Redio ya dereva nayo haikutaka kuachwa nyuma. Mtangazaji akatuambia kwamba timu fulani ina washambuliaji hodari, "plas wanacheza nyumbani", na kwamba uwanja wa nyumbani ni "plas kubwa kwao". Nikaanza kuhesabu kwa vidole, kama ilivyo desturi ya mwalimu wa hesabu asiye na darasa. Kufika Pongwe vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimekwisha.

Nilipomsimulia mpwa wangu, mtoto wa huyo huyo dada nitakayemtaja baadaye, alicheka sana. Yeye anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, na ni kijana mwenye adabu. "Mjomba," akaniambia, "plas ni fupi, kila mtu anaielewa, na lugha hukua kwa kukopa. Ugomvi uko wapi?" Sikuwa na jibu siku ile. Jibu langu ni hili hapa, na kama anasoma, asinione namsema kwa watu. Ninamjibu tu, ila nimechelewa.

Kwanza nikubali lile la kukopa, maana hapo ana haki. Anayetaka kukifukuza Kiingereza katika Kiswahili kwa sababu ni cha wageni, basi awe tayari kumfukuza na Mwarabu, na akishamfukuza ajaribu kufundisha hesabu. Neno "hesabu" lenyewe litatoka. "Jumla" itatoka, na "jumlisha" nyuma yake. "Zaidi", "ziada", "zidi", "zidisha", "faida", "riba", yote yatabeba mizigo yao yapande jahazi. Tutabaki na "ongeza", "tia", "unga" na "na". Sasa mimi, niliyekula mkate wangu kwa "jumlisha" karibu miaka arobaini, nitapata wapi uso wa kuwakataza watu kukopa?

Wala neno lenyewe si la Waingereza. "Plus" ni Kilatini, na maana yake ni "zaidi", basi. Waingereza nao walilikopa. Hata alama yake tuliyoizoea, ule msalaba mdogo, ilikuja kwa njia ya wafanyabiashara. Mwaka 1489 Johannes Widmann alichapisha Leipzig kitabu cha hesabu za biashara, na humo alama za + na − zilionekana katika chapa. Alizitumia kuonyesha kilichozidi na kilichopungua. Waingereza walielezwa habari za alama hizo mwaka 1557 na Robert Recorde, daktari mzaliwa wa Wales, katika kitabu kile kile kilichotuletea alama ya sawasawa. Na wataalamu wengi wanaamini kwamba ule msalaba ni neno "et" la Kilatini lililoandikwa kwa haraka mpaka likachakaa. "Et" maana yake ni "na". Kumbe bibi yangu, ambaye hakukaa dawatini hata siku moja, aliposema "tano na tatu ni nane" alikuwa anaisoma ile alama vizuri kuliko mimi mwenye cheti. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu nina dhambi hapo.

Basi kukopa si hoja. Hoja yangu ni nyingine. Mgeni akija nyumbani kwangu nitampa kiti, nitampa maji, na chumba nitampa. Lakini mgeni akiingia chumbani akawaamsha wenyeji kumi, akawatoa nje, akalala peke yake kwenye vitanda vyote, huyo siwezi kumwita mgeni. Na plas ndivyo inavyofanya.

Tazama Waingereza wenyewe wanavyoitumia. Katika hesabu ni amri: weka hiki juu ya kile. Katika mtihani hubandikwa pembeni mwa herufi, ikawa A iliyoipita A. Katika umri humaanisha "na kuendelea". Katika kadi ya mwaliko ni mtu mzima, mwenye suti yake na njaa yake, ambaye mwenye harusi hakutaka taabu ya kumwuliza jina. Katika mazungumzo ni faida, na pia ni kiungo cha sentensi, kama kwa wale vijana wa basi. Hiyo ya mwisho hata walimu wao wa uandishi wengi huikataza katika insha, wakisema mtu aliyesoma aseme "besides" au "moreover" kwa mahali pake. Yaani neno ambalo kwao ni la barazani, sisi tumelipandisha mimbari. (Na kuna kichekesho kimoja cha huko huko. Baada ya sheria yao ya elimu ya mwaka 1944, mtihani uliowachuja watoto wa miaka kumi na mmoja, nani aende shule ya wenye akili na nani abaki, uliitwa "eleven-plus". Ndiyo plas ya kwanza ninayoijua iliyofanya kazi ya kutoa.)

Sasa njoo kwetu. Nenda sokoni Muheza msimu wa machungwa. Mama amepanga mafungu chini, wewe umepatana naye, umelipa, na kabla hujaondoka unasema: "Mama, nyongeza?" Atachagua moja, pengine lenye kovu, akutilie kwenye mfuko. Hiyo ni nyongeza. Haikuandikwa popote. Huwezi kumdai, naye hawezi kukudai. Imekuja baada ya bei, kwa moyo wa mwenye mali, na kesho ndiyo itakayokurudisha kwake. Ukipima mchele kwa kibaba na muuzaji akaacha kilele juu, hapo amekujazia. Hajakuongezea, amekujazia, maana kipimo ni kile kile ila hakukifuta kwa mkono. Ukinunua katoni nzima, umenunua kwa jumla. Neno lile lile la kujumlisha limekuwa jina la biashara, na mwenye duka la rejareja analijua hata kama hesabu ya darasani ilimshinda.

Toka sokoni, nenda kwenye posa. Juu ya mahari, watu wa pwani wana mkaja wa mama na kilemba cha baba. Kila kimoja kina jina, kina mwenyewe, na kina sababu yake. Mkaja ni wa yule aliyefunga tumbo baada ya kuzaa. Ukiutaja umemtaja yeye na uchungu wake. Yule kijana wa basi aliposema "milioni moja plas" alimfunika mama mkwe wake kwa silabi moja. Pengine hakujua. Lakini siku ya kikao wazee watamwambia majina, na hapo ndipo atakapojua kwamba plas yake ilikuwa na watu ndani.

Nenda na ofisini. Sisi walimu tunayajua maneno haya kwa machozi. Mshahara una nyongeza ya mwaka, ikija. Una posho. Wakubwa wana marupurupu, na neno lenyewe ukilisikia unajua kabisa kwamba ni vitu vingi vidogo vidogo vinavyorukaruka pembeni mwa mshahara. Ukicheleweshewa haki yako inakuwa malimbikizo. Hayo nayo ni nyongeza kwenye hesabu, lakini ni nyongeza ya mali yako mwenyewe iliyokaliwa na mtu. Ukimaliza kazi unapewa kiinua mgongo, na hapo lugha imeona mtu aliyeinama miaka mingi. Mwambie mstaafu kwamba amepata "pensheni plas". Atakuuliza, plas gani, ya mgongo au ya malimbikizo? Maana moja ni shukrani na nyingine ni deni la serikali kwake.

Hata serikali yenyewe, ilipotuletea kodi mpya Julai 1998, iliona haya kuiita plas. Iliitwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Jina refu, nakubali, na watu hawalisemi, wanasema "vati". Lakini jina lile linafundisha. Linasema "ongezeko", halisemi "nyongeza". Nyongeza hutolewa na mtu; ongezeko hutokea lenyewe, kama ongezeko la watu au la maji mtoni. Pamba ikiwa uzi, uzi ukiwa kitambaa, kitambaa kikiwa shati, thamani imeongezeka hatua kwa hatua, na kodi inafuata kila hatua. Mtu akilielewa jina hilo ameshaielewa nusu ya kodi. Leo unaingia dukani, bidhaa imeandikwa 10,000, unafika kwa mwenye mashine anakwambia "plas vati", unatoa 11,800, unaondoka hujui ni nani aliyekula zile 1,800.

Na viungo vya sentensi je? Hapa ndipo ninapoona uchungu zaidi, kwa sababu hapa hatukuwa na upungufu hata kidogo. Tulikuwa na ghala. "Ni mzuri, tena ana heshima": hiyo "tena" inaleta sifa ya pili kwa mshangao, kama mtu anayefunua sahani akakuta na kipande cha pili cha nyama. "Mlevi, isitoshe anapiga": "isitoshe" ni ya mtu aliyechoka, anayehesabu makosa, huwezi kuitumia kwa habari njema bila watu kucheka. "Aidha" ni ya katibu anayesoma taarifa ya kamati. "Fauka ya hayo" ni ya mtu aliyevaa koti. "Juu ya hayo" inapandisha, "mbali na hayo" inaweka pembeni. "Kadhalika" inasema cha pili ni sawa na cha kwanza. Na "seuze", ambayo siku hizi ukiisema vijana wanageuka kukutazama, inafanya kazi ambayo plas haiwezi kuifanya hata kwa kusukumwa: "Mkubwa ameshindwa kuunyanyua, seuze mtoto." Kila moja ya hizo inamwambia msikilizaji ajiandae vipi. Plas haimwandai. Inampiga na jambo la pili kama mtu anayerusha mizigo kutoka juu ya lori.

Na ghala hilo linaoza. "Aidha" imekwisha kupata ajali. Kwa asili yake ni "pia", ni "vilevile". Lakini kwa kuwa masikioni inafanana na "either" ya Kiingereza, leo watu wazima, tena wengine wana shahada, wanaandika "aidha aje leo au kesho". Nimeisoma magazetini, nimeisikia bungeni, na siku moja niliikuta katika barua ya mtu mwenye cheo cha elimu, nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla sijakumbuka kwamba barua haikuwa ya mwanafunzi. "Licha ya" nayo ilikuwa na maana ya "acha mbali hilo, kuna na hili"; sasa karibu kila mahali imekuwa "ingawa". Sitaki kuzililia zote. Maneno hubadilika. Lakini neno linapobadilika kwa sababu watu wana jambo jipya la kusema, hiyo ni kazi ya lugha. Linapobadilika kwa sababu limefanana na la Kiingereza, hiyo ni ajali ya barabarani, wala tusiite maendeleo.

Nimeahidi kuungama. Nilianza kufundisha mwaka 1976, na mwaka uliofuata ukaja mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, madarasa yakafurika. Watoto walikaa sakafuni, juu ya matofali, na wengine dirishani. Ilikuwa kazi ya kupenda. Kiswahili kilikuwa kimefanywa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, na sisi walimu vijana tulikuwa na bidii ya waumini wapya: kila kitu kiwe na neno lake sanifu, na neno liwe hilo moja. Katika darasa la pili nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mama yake akiuza machungwa. Niliandika ubaoni 5 + 3, nikamwita. Akasimama, akasoma bila wasiwasi: "Tano na tatu, nane." Nikamwambia amekosa. Akatazama ubao, akahesabu tena kwa midomo, akasema, "Nane, mwalimu." Nikamwambia jibu ni sahihi lakini amekosa kusoma, aseme "tano jumlisha tatu". Akasema, "Tano na tatu." Sijui kama ulikuwa ubishi au hofu. Nilimsimamisha mpaka kipindi kikaisha.

Jumamosi ile nilimkuta sokoni, anamrudishia mteja chenji, kwa kichwa, bila kalamu, haraka kuliko ningeweza mimi. Na katika kurudisha alisema: "Hii hamsini, na hii ishirini, na nyongeza yako hii hapa." Nilinunua machungwa nikaondoka. Haya niliyoyasema juu ya alama na neno "et" niliyajua miaka mingi baadaye, na nilipoyajua nilimkumbuka yeye kwanza. Kwa hiyo wanaponiambia kwamba nawaonea vijana wa plas, nawajibu kwamba naujua ugonjwa huo tangu ulipokuwa umevaa nguo za Kiswahili sanifu. Ugonjwa ni ule ule, kutaka neno moja lifanye kazi ya yote.

Maana hata kwa lugha yake mwenyewe mtoto hupotea. Nilikuwa na swali nililolipenda, nikalitoa karibu kila mwaka: Asha ana machungwa 5. Juma ana machungwa 3 zaidi ya Asha. Wote wawili wana machungwa mangapi? Nusu ya darasa huandika 8. Wameona "zaidi", wamejumlisha, wamekimbia kucheza. Jibu ni 13, kwa sababu 8 ni ya Juma peke yake. "Zaidi" pale si amri ya kujumlisha. Ni habari ya Juma akipimwa na Asha. Tulikuwa tunakaa juu ya neno hilo kipindi kizima, tukigawana machungwa ya kweli, nikiyapata, mpaka kila mtoto amwone Juma na rundo lake.

Sasa mchukue mtoto huyo, aliyekwisha kuipata "zaidi" kwa taabu hiyo, umpeleke kidato cha kwanza, ambako hesabu ni kwa Kiingereza kuanzia Januari. Anakuta kwamba kujumlisha kuna majina kama kikosi: "add", "plus", "sum", "total", "altogether", "more than", "increased by". Na "sum" yenyewe ina ndimi tatu: ni jumla, ni kiasi cha fedha, na ni zoezi lolote la hesabu, hata la kutoa. Jirani yangu mmoja alinijia na daftari, amepata sifuri, machozi yako karibu. Swali lilisema atafute "sum" ya 48 na 36. Nikamwambia, "Jumla." Aliandika 84 kabla sijafunga mdomo. Mtoto yule hakushindwa hesabu. Alishindwa mlango. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na mjadala umekwenda na kurudi tangu hapo. Siuingii leo. Nasema tu kwamba wanaodai kuwa plas inawasaidia watoto kuzoea Kiingereza wanajidanganya. Mtoto wa mjini anaijua plas toka tumboni, na bado "sum" inamwangusha, kwa sababu plas ya barabarani haikumfundisha Kiingereza. Imempunguzia Kiswahili tu. Mtoto anayeijua tofauti ya nyongeza, ziada, ongezeko na jumla ana mahali pa kuyatundikia maneno ya kigeni yakija. Asiyeijua atatundika wapi?

Haya, nimefika kwa dada yangu. Ameniruhusu niandike, ila ofisi nisiitaje, nami naheshimu.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka minne, ni mshonaji, mjane. Mvua za masika ziliezua upande mmoja wa nyumba yake akahitaji mabati. Hakutaka kumsumbua mwanawe wa Dar es Salaam, hakutaka kunisumbua mimi. Ana ugumu huo, wa marehemu mama yetu. Akaenda kwenye ofisi ya mikopo, ile mikopo ambayo siku hizi watu wameipa jina lake la haki, kausha damu. Tazama hapo lugha ya watu inavyojua kutaja. Kijana wa ofisi alikuwa mchangamfu. "Mama, ni laki tatu plas, miezi mitano." Dada akauliza, "Plas kiasi gani, mwanangu?" Akajibiwa, "Kidogo tu mama, ya ofisi." Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Akatia sahihi.

Nimejiuliza mara nyingi angefanya nini kama angeambiwa "riba". Riba analijua. Ni Mwislamu, amelisikia likitajwa tangu chuoni, na asili yake kwa Kiarabu ni kuzidi huko huko, lakini ni kuzidi ambako watu wamekupa jina la kuogopwa. Angesikia "riba" angeshtuka, angeuliza ni asilimia ngapi, na pengine angeinuka. Lakini plas haina uso. Yeye aliisikia kwa sikio la sokoni: kidogo, ya ofisi, baada ya bei. Aliielewa kuwa ni nyongeza. Akashona sare za shule miezi mitano, akaweka, na siku ilipofika akaenda na 320,000 zimefungwa kwenye pindo la kanga: laki tatu za watu, na elfu ishirini za shukrani.

Nilimfuata kesho yake, aliponiambia. Yule kijana aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee," nikaitika. Akatoa karatasi ya mashine. Ilikuwa na mistari miwili, 300,000 na chini yake "plus 340,000". Nikamwomba anieleze ule mstari wa pili. "Mzee, si ndiyo plas yenyewe." Nikamwambia nimeona, lakini mimi ni mwalimu wa zamani, naomba aniandikie kwa mkono, kwa Kiswahili, kila kitu kwa jina lake. Alinyamaza kidogo. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa hajawahi kuyaandika maneno yale. Akachukua kalamu.

Akaandika: Deni la msingi, 300,000. Riba, asilimia 20 kila mwezi, miezi mitano, 300,000. Faini, 40,000. Jumla, 640,000.

Dada akaivuta karatasi kwake. Alikuwa hana miwani, akaishika mbali na macho, akaisoma polepole, kidole juu ya mstari wa riba, akarudia. Kisha akafungua pindo la kanga, akahesabu zile 320,000 mezani mbele ya kijana, akaomba stakabadhi. Tulipotoka nje hakulia wala hakumlaani mtu. Aliniuliza kama namfahamu mtu anayenunua cherehani.